Bagi ya Kumpiku Nazeem

Kijiwe chetu ni ubao mmoja tu juu ya ndoo mbili za rangi, nje ya gereji ya Tietie Galiema hapa Rocklands, lakini usikidharau. Kwenye ubao huu nimetatua mambo yaliyowashinda mawakili wa mjini. Jumamosi ile upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unavuma mpaka mbwa wanatembea kiubavu, mchanga unaingia kwenye kahawa, na Tietie Galiema anakanda unga wa koesister zake za Jumapili, yale maandazi ya kuchovya kwenye shira, harufu ya iliki inatutesa makusudi. Sikwenda pale kupiga soga. Nilikwenda na shida. Jua likizama, klabu ya vigari vya rimoti kule nyuma ya depo ya mabasi inafunga daftari la majina ya msimu mpya, na mimi nilishautangazia mtaa mzima kwamba msimu huu naingia na bagi yangu, yaani kigari changu cha mbio, nimfundishe adabu shemeji yangu Nazeem. Kilichobaki ni kitu kidogo tu: bagi sina, na sijui nichukue ipi.

Waliokuwepo ni hawa. Langes, kaendesha basi miaka thelathini, mrefu mpaka akikaa magoti yanamgusa kidevu. Profesa, ambaye hajasoma kunizidi mimi niliyeishia darasa la tatu, ila alilinda geti la chuo kikuu na anaamini elimu ilimwingia kwa upepo. Na Tietie Galiema mwenyewe, dada wa mtaa mzima, ambaye haketi lakini hakuna neno linalompita. Mimi ni Moegsien, mtaani naitwa Turbo, au Boeta, yaani kaka, mnyoosha bodi za magari. Nimewahi kunyoosha gari lililokunjwa kama roti, mwenyewe alipokuja kulichukua akalia, akidhani nimemnunulia jipya.

Tietie Galiema: Kunywa kahawa hiyo, Turbo. Unaikodolea macho kama imekutukana.

Mimi: Niache, Tietie. Siku tatu chakula hakipiti.

Profesa: Kisa bagi?

Mimi: Kisa kikombe.

Wote walijua kikombe kipi. Nazeem, mdogo wake mke wangu, msimu uliopita alichukua kikombe cha klabu, na mama mkwe wangu akakiweka juu ya televisheni, katikati, akaiondoa picha ya harusi yangu mimi.

Mimi: Siku ya Idi naingia pale na trei ya samosa, nimevaa kanzu mpya, hakuna wa kunipokea. Watu wamekizunguka kikombe. "Nazeem, ile kona ya mwisho ulipitaje?" "Nazeem, kaa hapa." Mimi samosa nimezishika mpaka zikapoa.

Langes: Na kikombe chenyewe kikubwa?

Mimi: Kikubwa wapi! Plastiki tupu. Wamepaka rangi ya dhahabu, na rangi yenyewe imechuruzika huko chini. Mimi ningepaka vizuri zaidi nimefumba macho.

Tietie Galiema: Chini ulionaje?

Mimi: Nilikiona tu kwa juu juu.

Tietie Galiema: Chini ulionaje kwa juu juu?

Mimi: Nilikiinua kidogo, Tietie! Kwani dhambi?

Langes: Usimwonee mtu, Tietie. Wivu ni afya. Wahenga walisema mwenye wivu hajinyongi.

Profesa: Walisema ajinyonge.

Langes: Wahenga wako hao. Wangu walikuwa na huruma.

Nikawaambia kikombe nakivumilia. Kinachonikata maini ni Zulfa. Huyo binti yangu wa pekee, fundi wa simu pale madukani, anaona skrubu ambazo mimi na wewe tungedhani ni vumbi. Mwaka mzima sasa, kila Jumapili, anavaa kofia yake na kwenda kukaa meza ya mjomba wake kule klabuni. Anamsugulia tairi. Anamtilia mafuta kwenye shokapu. Nazeem anapanda jukwaani na rimoti yake kama imamu anapanda mimbari, na binti yangu yuko chini amemshikia betri.

Mimi: Mkono ule mimi ndiye niliyeufundisha kushika bisibisi. Akiwa na miezi minane.

Profesa: Miezi minane?

Mimi: Tisa basi. Lakini siku hiyo alifungua jokofu zima.

Tietie Galiema: Umewahi kumwambia kwamba inakuuma?

Mimi: Baba hasemi. Baba anashinda. Nikiwa na bagi yangu na meza yangu, ataniona mwenyewe. Kesho ni mbio za kwanza. Nisipoingia kesho, mwaka mwingine tena nashinda Jumapili na redio.

Basi wazee wakaona uzito wa jambo. Langes akakunjua miguu, akafunga nusu ya njia.

Langes: Bagi ziko namna mbili. Kuna inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na kuna inayosukumwa na yote manne. Chukua ya manne, Boeta. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Profesa: Potelea mbali! Wapishi wengi huharibu mchuzi. Gurudumu hili linataka huku, lile linataka kule, kigari kinabaki kwenye mkutano. Ya mawili.

Langes: Mimi nimeendesha basi la magurudumu sita.

Profesa: Na ulikuwa unachelewa kila siku.

Langes: Nilikuwa nachelewa kwa sababu ya abiria! Nyie mnatafuta chenji mlangoni!

Mimi: Jamani, bagi.

Langes: Upepo huu, Turbo. Fikiria upepo. Bagi ya magurudumu mawili ni nyepesi. Mwaka ule upepo uling'oa paa la shule, bagi moja iliruka kile kilima cha uwanjani, haikushuka. Iliokotwa mbali kule Stellenbosch, kwenye mizabibu.

Profesa: Nani aliiona?

Langes: Abiria wangu mmoja, mtu wa msikiti.

Mimi: Mbona ni kweli. Mimi niliiona ikipita juu ya nyumba. Nikaipungia mkono.

Tietie Galiema akarudi kwenye unga wake anatikisa kichwa. Profesa akavuta ndoo karibu, na Profesa akivuta ndoo jua kuna elimu inakuja.

Profesa: Shida siyo uzito wa bagi. Shida ni mawimbi ya rimoti. Yale ni mepesi kuliko unyoya. Wewe jukwaani unakata kulia, upepo unaibeba amri yako mpaka baharini, na huko meli ya watu inakata kulia. Bagi yako imesimama inangoja maagizo.

Langes: Sasa Nazeem anafanyaje?

Profesa: Nazeem hajaoa.

Mimi: Inahusu nini?

Profesa: Inahusu sana. Mawazo ya mtu yanashuka na mawimbi yaleyale. Nazeem hana mke, hana bili, hana mama mkwe. Bagi yake inapokea amri tupu, nyepesi. Ya kwako wewe itapokea amri pamoja na familia nzima. Itakwenda imeinama.

Mimi: Kwa hiyo nimwache mke?

Profesa: Mpaka msimu uishe tu.

Tietie Galiema: Nitamwambia!

Mimi: Tietie, ni sayansi hii, usiipeleke kwa watu.

Langes akasema kama mambo ni hayo, dawa ni bagi ya mafuta. Ya betri inakwenda kimya kama mwizi, nani ataiogopa? Ya mafuta inanguruma, inatoa moshi, wenzako wanakohoa jukwaani, wanafuta machozi, wewe unapita. Akaongeza kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame, ndiyo maana bagi iliyo chini sana haifai, dereva wake ataumwa mgongo. Nikamwambia dereva hayumo ndani. Akasema hata hivyo.

Mimi: Na tairi? Nasikia kuteleza ndiyo balaa lenyewe pale.

Profesa: Shira.

Mimi: Shira gani?

Profesa: Shira ya koesister. Unachovya tairi nne, unaacha zikauke kidogo. Bagi inanata kwenye kona kama mkwe kwenye kochi.

Tietie Galiema: Shira yangu ni ya watu!

Langes: Nzi je, Profesa?

Profesa: Nzi ni faida. Wanaongeza mwendo.

Nisikufiche, kufikia hapo nilikuwa nimeshapona. Nilimwona Nazeem anashuka jukwaani kichwa chini. Nilimwona Zulfa anafuta mikono na kuhama meza. Hata mama mkwe nilimwona anairudisha picha ya harusi. Ndipo Langes akatoa silaha yake kubwa.

Langes: Sikiliza. Mpwa wangu wa Grassy Park anayo moja. Ya mafuta, magurudumu yote manne yanasukuma, kubwa kama mbuzi wa akika. Anaiita Dume. Ilivuta friji kutoka jikoni mpaka barabarani, na friji lilikuwa limejaa.

Mimi: Limejaa nini?

Langes: Nyama, Boeta! Na barafu!

Mimi: Anaiuza?

Langes: Mkewe anamlazimisha. Imekula mlango.

Nikasimama. Nilitaka Dume kuliko nilivyotaka chochote tangu nioe. Nikampigia simu mpwa palepale, nikamwambia aipanguse, aijaze mafuta, nafika kabla ya magharibi. Profesa akanipa mkono wa hongera, Langes akanipa wa pili. Tietie Galiema hakunipa kitu. Alikuwa anaangalia barabarani, ambako kigari kidogo cheupe kilikuwa kinaegesha, na anatoka mama mmoja mfupi, mvi zimefungwa kitambaa, faili kwapani, mkono mwingine amekumbatia kitu kilichoviringishwa taulo la bluu.

Nilimjua kwa sura. Anti Yolande, katibu wa klabu. Ndiye anayeandika majina na kupiga filimbi, na husikii mtu akibishana naye.

Langes: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Anti Yolande: Nani anaumwa?

Tietie Galiema: Huyo hapo. Wivu.

Anti Yolande: Boeta Moegsien, habari za jioni. Nimesikia unaingia kesho, lakini jina lako silioni, na jua ndiyo hilo. Nikaona nipite. Unaingia kundi lipi?

Mimi: La washindi, Anti.

Anti Yolande: Hilo hatuna. Tunalo la magurudumu mawili ya betri, na la manne ya betri.

Mimi: Na la mafuta?

Anti Yolande: Majirani wa depo walilalamikia kelele, tukaliondoa. Huu mwaka wa tano.

Nikamtazama Langes. Langes akatazama kahawa yake. Nikamweleza Anti habari za Dume, na kwa kuwa nilishaanza nikamweleza na friji, na friji likawa mawili.

Anti Yolande: Nzuri sana. Ila kwetu utakimbia peke yako.

Mimi: Basi nitakuwa wa kwanza!

Anti Yolande: Na wa mwisho.

Tietie Galiema alicheka mpaka unga ukapaa. Anti Yolande hakucheka. Aliketi kwenye ubao wetu, pale ninapokaa mimi, taulo mapajani, akapokea kikombe cha kahawa na kusema asante kama watu waliolelewa.

Profesa: Anti, hebu tupe elimu. Mtu anayeanza achukue bagi ipi yenye kasi?

Anti Yolande: Anayeanza hatafuti kasi. Anachukua bagi ileile iliyo kwenye meza ya jirani yake.

Profesa: Kwa nini?

Anti Yolande: Kwa sababu itavunjika. Kesho kabla ya saa nne asubuhi itakuwa imevunjika. Ikiwa ni sawa na ya jirani, unanyoosha mkono, unaomba kipande, unafunga, unarudi uwanjani. Kama ni ya peke yako, unaifunga kwenye mfuko na kuangalia wenzako. Kwetu karibu wote wanakimbiza magurudumu mawili ya betri, wanaoanza na wazoefu. Hata Nazeem. Siku ile ya kikombe bagi yake ilikatika mkono wa mbele, ule unaoshika gurudumu, na aliyempa mwingine ni yule aliyekuwa wa pili. Alimpa kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe.

Mimi: Akampa? Na kikombe kipo mezani?

Anti Yolande: Kikombe kipo palepale.

Mimi: Huyo mtu ni mgonjwa.

Anti Yolande: Ni fundi bomba wa Strandfontein. Mzima kabisa.

Akaweka kikombe chini, akafungua taulo. Ndani kulikuwa na bagi. Haikuwa mpya, mwili wake umekwaruzwa huku na huku, lakini imesafishwa mpaka kwenye matundu ya skrubu. Tairi nne hazina chembe ya mchanga, na upepo wote ule! Nyaya zimefungwa kwa uzi mweusi, fundo dogo, fundo jingine, yamepangana sawasawa. Nilipoyaona mafundo yale nilijua mkono wa nani. Hakuna mwingine mji mzima anayefunga fundo hivyo, maana hivyo ndivyo ninavyofunga mimi.

Mimi: Hii ya nani?

Anti Yolande: Ilikuwa ya mwanachama mmoja aliyehamia Port Elizabeth. Zulfa aliiomba ikiwa vipande ndani ya boksi la viatu. Ameiunga mwaka mzima, Jumapili kwa Jumapili, pale kwenye meza ya mjomba wake, kwa sababu ndiyo meza yenye vifaa. Amesema ni ya baba yake. Amesema baba yake hawezi kuomba kitu, kwa hiyo apelekewe.

Profesa akavua kofia, akaivaa tena. Mimi nilikuwa na mchanga machoni, ule upepo ulikuwa mbaya sana siku ile, watu kadhaa Rocklands walikwenda hospitali kwa macho.

Langes: Basi andika jina, Anti! Andika kubwa!

Anti Yolande: Naandika. Ila kwanza kuna utaratibu wetu mmoja. Uwanja ule hauna waokoaji wa kulipwa. Kundi lako likimaliza mbio, hamwendi kunywa chai. Mnaweka rimoti chini, kila mtu anasimama kwenye kona yake, kundi linalofuata linakimbia. Bagi ikipinduka karibu yako, wewe ndiye unayekimbia kuiweka sawa. Aliye jukwaani hawezi kushuka, anakuangalia tu. Sekunde moja ukichelewa, mbio zake zimekwisha.

Profesa: Haki kabisa. Mkono mtupu haulambwi.

Anti Yolande: Wewe unaanza, uko kundi la kwanza la magurudumu mawili. Kundi la pili ni la wazoefu, akina Nazeem. Nimekupangia kona ya mwisho, ile iliyo baada ya kilima.

Mimi: Ile ya Idi?

Anti Yolande: Sijui mambo ya Idi. Najua kwamba pale ndipo wanapopinduka zaidi.

Akatoa kalamu kwenye nywele, akafungua faili magotini, akaikandamiza karatasi kwa kiwiko isipeperuke. Halafu akaigeuza bagi ile, akailaza kwenye ubao kati yangu na yeye, mgongo chini, tairi juu.

Anti Yolande: Zulfa amesema nisiandike jina mpaka nikuulize kitu kimoja. Amesema yeye mwenyewe ameshindwa kukuuliza.

Mimi: Uliza, Anti. Mimi nimeulizwa na majaji.

Anti Yolande: Kesho mjomba wake akipinduka hivi miguuni pako, naye anaongoza, utamwinua?

Langes akaikunja ile miguu yake, njia ikafunguka. Profesa akaanza kuitafuta simu yake, nayo iko mkononi. Tietie Galiema alisimama mlangoni mikono ina unga, ananitazama mimi, siyo Anti.

Jibu la haraka nilikuwa nalo. Majibu ya haraka mimi ninayo gunia zima. Nilitaka kusema nitamwinua kabla hajaanguka. Nilitaka kusema nimewahi kuinua lori. Lakini nikiangalia ile bagi imelala chali, namwona Nazeem juu jukwaani ananitazama, hana la kufanya, na wale watu wote wa Idi wananitazama pamoja naye, mimi peke yangu kwa mara ya kwanza. Na nikasikia moyo wangu unafurahi kumwona hivyo.

Anti Yolande alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina langu, na kalamu imesimama palepale kwenye karatasi, wino unaanza kutanuka.